Elburgon Amepita Mchujo

Ijumaa ile nilifundisha vibaya na sikuona haya. Darasa la sita waliandika insha ambayo mpaka leo sijaisahihisha vizuri, kwa sababu simu yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chaki, na ndani ya simu hiyo, huko Nairobi, mchezaji wa gofu wa kwetu alikuwa amebakiza mashimo manne kumaliza raundi ya pili ya mashindano ya kimataifa.

Watu wengi huniuliza, tena kwa dharau, mwalimu wa shule ya msingi wa Lanet anatafuta nini kwenye gofu. Mume wangu naye huuliza. Jibu ni fupi. Baba yangu alikata nyasi za uwanja wa gofu tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Nililelewa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile za mabati zilizo nyuma ya ua wa klabu, na nilijua tofauti ya nyasi za grini, yaani zile fupi zinazozunguka shimo, na nyasi za pembeni kabla sijajua kusoma. Klabu yenyewe sitaitaja. Asijisumbue mtu kukisia, maana hapa bondeni ziko kadhaa, na hata miti yake nimeibadilisha.

Nyumbani kwetu wachezaji wa kulipwa waliotoka upande huu tunawaita kwa miji yao. Kuna Gilgil, ambaye ni mkongwe na mgongo umeanza kumsaliti. Kuna Molo, msichana mrefu asiyezungumza sana, aliyeanza kucheza kwa kulipwa juzijuzi. Na kuna Elburgon, ambaye ndiye habari hii. Mama yake anauza viazi na kabichi katika soko la mji huo. Yeye alipomaliza kidato cha nne na kukosa karo ya kuendelea, alikuja kukaa kwa mjomba wake karibu na klabu, akawa kedi, yaani akabeba mikoba ya fimbo za wanachama. Kedi waliruhusiwa kucheza Jumatatu, siku ambayo uwanja haukuwa na wenyewe. Baba alimwona akicheza Jumatatu moja, akarudi nyumbani na kusema, "Leo nimeona mtu." Hakusema lingine, na baba yangu si mtu wa kusifu. Tangu siku hiyo akawa anamfundisha.

Ninawaita kwa miji kwa sababu nyingine pia. Elburgon mwenyewe aliniomba nisitaje jina lake. Bado kuna malango anayohitaji yafunguliwe, alisema. Lifikirie hilo kidogo. Mtu ametendewa ubaya, na bado ni yeye anayejificha.

Turudi kwenye Ijumaa ile. Mashindano hayo huchezwa siku nne. Siku mbili zikiisha, karibu nusu ya wachezaji hurudishwa nyumbani mikono mitupu, na waliobaki ndio waliopita mchujo. Kwa Mkenya anayeshindana na watu waliokuja na makocha wao, wakandaji wao na hata wapishi wao, kupita mchujo si jambo dogo. Elburgon alikuwa juu kidogo tu ya mstari. Kosa moja lingemtoa. Nilipiga dua kwa macho wazi huku nikimwambia mtoto mmoja aandike "alasiri" kwa neno moja.

Alipofika shimo la mwisho, mpira wake ulikuwa mchangani, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye shimo. Kamera ilikuwa naye. Nilimwona akichezesha miguu mchangani, namna ileile baba alivyomfundisha. Akainua fimbo. Hapo ndipo runinga ya taifa letu ilipokatisha matangazo na kutupeleka moja kwa moja kwa mheshimiwa fulani aliyekuwa akifungua choo cha soko.

Sitanii. Choo cha soko, na utepe, na mkasi juu ya sinia. Mheshimiwa alihutubia kwa muda mrefu kuhusu choo hicho. Nilipiga meza mpaka darasa zima likanyamaza.

"Mwalimu, tumefanya nini?" akauliza msichana wa mbele.

"Nyinyi hamjafanya kitu. Endeleeni kuandika."

Simu ililia baada ya muda. Alikuwa baba. Yeye hupata habari zake kwa wakata nyasi wenzake, ambao wako kila uwanja nchini na hawakatizwi na mheshimiwa yeyote.

"Ameutoa mchangani, ukalala karibu na shimo," akasema. "Akasukuma mara moja. Amepita."

Niliketi. Nilitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa ila watoto arobaini, basi nikawaambia. Walipiga makofi kwa adabu, bila kujua ni ya nini.

Kesho yake asubuhi nilinunua gazeti, nikatafuta jina lake kwa kidole. Ukurasa mzima ulikuwa wa mgeni aliyekuwa akiongoza, pamoja na picha ya mkewe na habari za mbwa wake aliyebaki kwao. Chini kabisa, sentensi moja: "Mkenya mmoja pia alifuzu." Mkenya mmoja. Kama vile unavyosema kulikuwa na mvua kidogo. Alimaliza Jumapili katikati ya waliobaki, na hakuna aliyeandika hilo pia. Gazeti hilo nililikata, nikalipeleka kwa baba, naye akalitumia kufungia mbegu.

Wiki tatu baadaye klabu ikaamka. Kumbe walikuwa na bingwa! Walitengeneza bango kubwa lenye uso wake, wakalitundika langoni, limeandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Kisha wakaandaa chakula cha mchana cha kumpongeza. Baba alialikwa kwa kuwa alikuwa amemfundisha, nami nikaalikwa kwa kuwa baba hakutaka kwenda peke yake. Elburgon aliuliza kama angeweza kuja na mama yake. Wakasema bila shaka.

Mama yake aliondoka kwao alfajiri. Nilimkuta langoni akiwa amevaa gauni lake la kanisani, sweta ya kijivu, kitambaa kichwani na viatu vya raba, kwa sababu kwao kulinyesha usiku kucha na viatu vizuri hakuvileta. Mkononi alibeba mfuko wa viazi. Alikuwa amewaletea viazi wale watu waliomlea mtoto wake. Soja wa langoni, kijana mpole kwa kweli, alikuwa amemsimamisha.

"Mathe, huwezi ingia na hii mlango," akamwambia. "Viatu haziruhusiwi. Na hiyo ya kichwa pia, manejimenti imesema."

"Huyu ni mama ya yule," nikasema, nikinyoosha kidole kwenye bango. Uso wa mwanawe ulikuwa juu ya vichwa vyetu, mkubwa kuliko mlango wa nyumba.

Soja akatazama juu, akatazama chini. "Najua, Ticha. Nimewapigia ofisi. Wamesema apitie jikoni, ataketi kule nyuma, ataletewa chakula. Mimi ni kazi tu."

Niliingia ofisini nikiwa nimeshika mfuko wa viazi. Nilimkuta karani, nikasema niliyoyasema. Karani akajibu kwamba kanuni za mavazi ni za zamani, hazimlengi mtu yeyote, na kwamba hata mke wa balozi aliwahi kurudishwa. Sijui kwa nini watu hufikiri mke wa balozi ni hoja. Nilipotoka nje, mama alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la saruji nje ya jikoni, miguu ameikunja chini ya benchi ili viatu visionekane.

"Mama, twende zetu," nikamwambia.

"Twende wapi? Kijana yuko ndani."

"Nitamwita atoke."

Alinikamata mkono. Alikuwa na nguvu, yule mama. Viganja vya mtu aliyeinua magunia miaka mingi. "Mwalimu, usiharibu siku ya mtoto wangu. Hapa kuna jua. Mimi niko sawa."

Sikumsikiliza. Nilikwenda hadi ukumbini, nikampata Elburgon akiwa amesimama katikati ya makoti ya bluu ya wanachama, na glasi ya soda ambayo hakuwa akiinywa. Nikamnong'oneza. Niliona uso wake ukibadilika, nikajua kwamba sasa ataweka glasi chini na kutoka, na sisi sote tutatoka nyuma yake.

Hakutoka. Aliniambia polepole, "Ticha, mpelekee chakula tafadhali. Mpelekee nyama laini, meno yanamsumbua." Kisha akageuka kwa kapteni, yaani mkuu wa klabu, akacheka kwa jambo ambalo kapteni alikuwa amesema.

Nilimpelekea mama chakula. Niliketi naye kwenye benchi nikala pale. Kutoka ndani tulisikia hotuba. Kapteni alisema klabu ni familia. Alilisema neno hilo mara nyingi mno. Kila aliposema familia, mama alitikisa kichwa kukubali, maana alidhani wanamsifu mwanawe. Baba, ambaye alikuwa ndani, aliniambia baadaye kwamba Elburgon aliwashukuru kwa dakika mbili.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Nilimngoja jioni kwenye njia ya kuelekea barabarani, baada ya kumsindikiza mama yake kituoni.

"Ungetoka," nikamwambia. "Ungetoka tu. Wangeaibika."

"Wangeaibika kwa dakika ngapi?"

"Si hoja dakika."

"Ticha, sikiliza." Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona uwanjani. "Nilipokuwa kedi, nilicheza Jumatatu bure. Siku niliyopewa kadi ya mchezaji wa kulipwa, wakaniambia mimi si kedi tena, kwa hivyo Jumatatu si yangu. Na si mwanachama, kwa hivyo siku zingine si zangu. Mwaka mzima nimejiandaa kwenye mashamba ya ngano kule Mau Narok, wakishavuna. Unajua mpira unaruka vipi kwenye mabua? Leo wamenipa barua. Naweza kucheza asubuhi tatu kwa wiki kabla wanachama hawajafika. Ningetoka, kesho ningefanyia wapi mazoezi? Kwa hasira yako?"

Nilimpisha apite. Nilichojua ni kwamba mtu mzima alilazimishwa kuchagua kati ya mama yake na kazi yake, na waliomlazimisha hata hawakugundua. Walikuwa wakila keki.

Ilitupasa tuendelee. Baba, ambaye kustaafu kulikuwa kumemkalia vibaya, alipata kazi. Alisema asubuhi tatu hazimtoshi mtu anayeshindana na dunia. Nyuma ya nyumba yetu Lanet kulikuwa na kipande cha ardhi ambapo mimi nilikuwa na sukuma wiki. Baba aling'oa sukuma wiki zangu zote siku moja nikiwa shuleni. Nilirudi nikamkuta anachekecha mchanga kwa chandarua cha zamani. Kwa miezi mitatu alichekecha, akasawazisha, akapanda kijiti kimoja kimoja cha nyasi alichopewa na mwenzake wa kazi wa zamani, akamwagilia maji kwa kopo. Akakata kwa mashine ya kusukuma kwa mkono ambayo aliinoa mwenyewe. Ikatoka grini ndogo, si kubwa kuliko sebule, yenye mwinamo mmoja wa siri upande wa kushoto ambao ukipigia bila kuusoma unakuaibisha. Wageni walifikiri ni zulia.

Elburgon alikuja siku ambazo hakuwa na ruhusa kwingine. Alisukuma mipira pale kuanzia asubuhi hadi nilipotoka shuleni. Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki, akisema tu "kulia kidogo" au "umeogopa." Wakati mwingine Molo alikuja pia, akisimama pembeni na fimbo yake bila kusema neno, mpaka baba akamwambia, "Wewe naye piga, nyasi hazichezewi kwa macho." Hiyo ilikuwa miezi mizuri. Naisema kwa sababu mtu akisoma habari hii anaweza kufikiri nilizaliwa nimenuna.

Mwaka uliofuata mashindano yalicheleweshwa wiki tatu, na Elburgon akakosa kupita mchujo kwa pigo moja. Pigo moja katika siku mbili. Safari hii nilikuwa Nairobi mwenyewe. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni kwa sababu ambayo haikuwa kweli. Nilimfuata nje ya kamba kwa mashimo yote kumi na nane. Alicheza vizuri. Kwenye shimo la kumi na sita mpira wake ulizunguka ukingo wa shimo, ukasimama nje, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya wafadhili akasema kwa sauti, "Hawa wetu hawana presha ya kimataifa." Mwanamume huyo alikuwa na bia mkononi saa tano asubuhi. Nilimwambia presha ya kimataifa aitafute kwenye tumbo lake. Askari wa uwanja aliniomba nisogee nyuma.

Wiki iliyofuata Elburgon alikwenda klabuni kwa mazoezi yake ya asubuhi, baba akiwa naye kwa sababu alitaka kuona ugonjwa uliokuwa umeingia kwenye nyasi za shimo la nne. Baba ndiye aliyenisimulia, na alisimulia akitazama mikono yake. Soja yuleyule mpole alitoka kwenye kibanda na karatasi.

"Boss, haumo kwa listi," akasema.

"Nina barua."

"Hiyo barua ilikuwa ya mwaka moja. Imeisha Ijumaa. Wamesema unaweza ingia ukilipa kama mgeni."

Juu yao bango lilikuwa bado linaning'inia. Mvua na jua vilikuwa vimelichosha, lakini uso ulionekana vizuri kabisa. Baba anasema soja aliinua macho, kisha akaona aibu, akaangalia barabarani. Elburgon alimpa mkono, akamwambia haina neno, akarudi.

Ijumaa. Barua iliisha siku ileile aliyokosa mchujo. Labda ni tarehe tu zilivyoangukiana. Nimejaribu kuamini hivyo na nimeshindwa.

Nilivaa viatu vyangu vya kisigino, viatu halali, nikaenda kumwona kapteni. Si mtu mbaya wa sura. Alinikaribisha, akaniagizia chai, akaniuliza habari za baba na kusema hajapatikana tena mtu wa kutunza grini kama yeye. Nikamwambia sikuja kwa sababu ya baba.

"Mwalimu," akasema, "lazima uelewe. Klabu ni mali ya wanachama. Tukimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi."

"Waje kumi! Mkiwa na wachezaji kumi wa kulipwa kutoka bonde hili, si ndiyo fahari?"

"Wanachama wanalipa ili uwanja usijae."

"Uwanja saa kumi na mbili asubuhi una nini, mzee? Una ndege na umande."

Akatabasamu. "Sisi tumemsaidia sana kijana yule. Tulimfanyia sherehe."

"Mlimfanyia sherehe na mama yake mkamketisha nje ya jikoni."

Nilimwona akitafuta kumbukumbu hiyo kichwani na asiipate, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angekuwa amefanya kwa makusudi, ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Hakujua. Mama alikaa kwenye saruji saa tatu nzima na mkuu wa nyumba hakujua kwamba yupo.

"Sikuambiwa," akasema mwishowe.

"Basi sasa umeambiwa. Na kama hamwezi kumfungulia lango, ondoeni uso wake langoni. Hamwezi kumtundika nje na kumfungia nje kwa wakati mmoja."

Alisema atalifikisha kwenye kamati. Nilisimama nikaiacha chai. Baada ya siku kumi kamati ilitenda haki kwa namna yake: bango likaondolewa.

Nilimwambia Elburgon habari hiyo nikiwa na machozi ya hasira, naye akacheka kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi. "Ticha, umenitoa hata kwenye picha," akasema. Nilicheka pia, lakini nilijua nilichokifanya. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimewafunga midomo wale wachache ndani ya klabu waliokuwa wakimtetea kimyakimya. Mmoja wao alinipigia kuniambia hivyo, na hakuwa na makosa. Baba hakunisemesha kwa siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba amekula mkate wa klabu ile miaka yote, amenisomesha nao, na kwamba kuna namna ya kuongea na watu. Nikamwuliza kama namna hiyo imewahi kumfikisha yeye mbali kuliko benchi la jikoni. Najuta kusema hivyo. Sijuti kwamba ni kweli.

Elburgon alirudi kwenye mabua ya ngano, na kwenye grini ya baba. Akapoteza uzito. Kisha, kabla mwaka haujaisha, akapigiwa simu kutoka Kigali. Kuna uwanja kule uliotaka mwalimu wa gofu, na meneja wake alikuwa amemwona akicheza Nairobi mwaka ule aliopita mchujo. Walimpa kazi, nyumba, na jambo ambalo alinitamkia mara mbili kwenye simu, kana kwamba mimi ndiye ningemhakikishia kwamba si ndoto: uwanja wa kucheza muda wowote asipofundisha.

"Muda wowote, Ticha. Hata Jumamosi."

Aliondoka na mikoba miwili. Mama yake alimsindikiza hadi Nakuru na kurudi kwao siku hiyohiyo kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya soko. Msimu uliofuata alishinda mashindano ya kanda yaliyochezwa hukohuko. Alishinda, si kupita mchujo. Niliisoma orodha ya matokeo mara nyingi sana. Mbele ya jina lake palikuwa na jina la klabu yake, na klabu hiyo si ya bonde hili, wala ya nchi hii. Siku mbili baadaye klabu yetu iliweka ujumbe mtandaoni ikimpongeza "mwana wetu." Waliweka na picha yake ya zamani, ile ya siku ya chakula, ameshika soda. Niliandika maoni chini yake. Waliyafuta. Nikaandika tena. Wakanizuia kabisa, na sasa inabidi nitumie simu ya mume wangu kuona wanachosema, naye hufurahia kuninyima.

Mama yake nilikwenda kumwona sokoni kumpa habari za ushindi, ingawa alikuwa ameshazisikia. Aliniuliza kama huko Kigali kuna baridi. Nikasema si kama ya Elburgon. Akaniuliza kama atarudi.

"Sijui, mama."

"Angepata kazi hapa angekaa hapa," akasema, akiendelea kupanga viazi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi ndiye niliyebeba uchungu wote hadi Lanet.

Na sasa imekuja zamu ya Molo. Mwezi uliopita Elburgon alinipigia Jumapili baada ya ibada. Meneja wake alikuwa amemwuliza kama kwao kuna wengine wa kiwango chake, na hasa mwanamke, kwa kuwa wana wanafunzi wasichana wengi. "Nikamwambia yupo," akasema. Alikuwa na furaha, na nilimfurahia, nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda nyuma ya nyumba kumwambia baba. Alikuwa anakata nyasi. Alisimamisha mashine.

"Wote watakwenda," akasema.

"Ndiyo."

"Uwanja uko pale." Alionyesha kwa kidevu upande wa klabu, kilomita kadhaa kutoka tulipo. "Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Nyasi zitakuwa zimesimama vizuri kweli." Sijamsikia tena akisema neno la kuwatetea.

Molo aliondoka Jumanne. Nilimpeleka kituo cha mabasi Nakuru mwenyewe asubuhi, nikasimamia mkoba wake wa fimbo ukipakiwa, nikagombana na makanga aliyetaka kuulaza chini ya magunia ya vitunguu. Nilimwambia fimbo hizo ni kazi ya mtu. Akauliza ni za nini, nikamweleza, akacheka, "Hii si mchezo ya wazungu, mathe?" Nikamweleza tena, kwa sauti ya darasani, mpaka abiria wawili wakashuka kusikiliza. Molo alisimama kando akiangalia viatu vyake. Basi lilipowashwa alinikumbatia, msichana asiyekumbatia mtu, akanitazama usoni.

"Ticha, unalia?"

"Silii. Nimekasirika."

"Sawa," akasema, akapanda.

Nilisubiri mpaka basi likaingia barabara kuu, kisha nikaenda shuleni, nikiwa nimechelewa kipindi cha kwanza. Mwalimu mkuu aliniuliza sababu. Safari hii nilimwambia ukweli, wote, tangu mwanzo, na alipojaribu kutazama saa nilimwomba avumilie, kwa kuwa nilikuwa bado sijafika kwenye choo cha soko.